Pima fremu kwanza, shokapu baadaye

Shokapu za mbele zinazofupishwa wakati wa kupanda na kurefushwa wakati wa kushuka zilivuma kwa miaka mingi, kisha zikaanza kuadimika madukani. Kwa anayeunga baiskeli ya mlimani kutokana na vipuri vya mtumba bado zina kazi, ila si kwa kila fremu wala kila mlima.

Wahenga walituonya kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndio ngoma. Waliobuni baiskeli ya mlimani walianza na ngoma yenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax katika Marin County, kaskazini mwa San Francisco, kundi la vijana lilipanga mashindano yake ya kwanza kwenye njia ya vumbi iitwayo Repack, inayoporomoka takriban mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushee. Baiskeli zao zilikuwa vyuma vizito vya zamani vyenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, na breki hiyo ilipata moto hadi grisi ya kwenye habu ikafuka moshi. Rekodi ya njia hiyo ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze alikosa kuifikia kwa sekunde 2 tu. Kuhusu kupanda hapakuwa na mjadala: baiskeli zilipakiwa kwenye pikapu, au zilisukumwa kwa mikono.

Mjadala ulikuja pale watu hao hao walipotaka kupanda kwa pedeli. Mwaka 1977 Breeze alitengeneza fremu maalumu kwa ajili ya njia za vumbi, na mwaka 1979 Fisher na mwenzake Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu zilizoundwa na Tom Ritchey, zikiwa na gia za kumfikisha mtu kileleni bila kushuka kwenye siti. Tangu hapo kila anayeunga baiskeli ya mlimani anatumikia mabwana wawili. Kupanda kunataka mbele pawe chini na mwendeshaji akae karibu na usukani. Kushuka kunataka mbele pawe juu na gurudumu litangulie mbali.

Shokapu inayobadilika urefu ni jaribio la kuwaridhisha mabwana hao wote kwa kipuri kimoja. Anayetaka kujua kama inamfaa hana budi kufahamu kwanza ilikuja kutatua tatizo gani, na tatizo hilo kwa sasa limebaki kwenye baiskeli zipi.

Milimita zinavyogeuza baiskeli

Shokapu ya mbele iliingia kwenye baiskeli kwa msukumo wa Paul Turner, Mmarekani aliyetoka kwenye ulimwengu wa pikipiki na kuwa mmoja wa waanzilishi wa RockShox. Shokapu ya kwanza ya kampuni hiyo, RS-1, ilibonyea karibu milimita 50 tu. Mwaka 1990 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, yalipofanyika Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kushuka akiwa juu ya RS-1. Waliokuwa wakiicheka springi kwenye baiskeli wakaanza kuulizia bei yake.

Mwaka 1997 kampuni ya Marzocchi ya Bologna, Italia, iliyokwisha kujijengea jina kwa shokapu za pikipiki, ilitoa Bomber Z1 yenye milimita 100. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, baiskeli ya mtu wa kawaida anayependa milima ilikuwa na milimita 140, na wapenda miteremko mikali walikuwa wameshafika 160. Umbali huo ambao miguu ya shokapu inaweza kuzama ndio tutakaouita mbonyeo katika makala haya.

Mbonyeo hauongezeki bure. Shokapu inayozama zaidi lazima iwe ndefu zaidi tangu ikiwa imesimama. Ukiifunga kwenye fremu, inanyanyua shingo ya fremu, na baiskeli nzima inalala nyuma kwa kuzunguka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Usukani unapanda. Pembe ya shingo inalala zaidi, jambo linalotuliza baiskeli kwenye mteremko. Siti nayo inarudi nyuma, na hapo ndipo miguu inapoanza kulalamika.

Hesabu yake si ngumu. Chukua fremu ya aina iliyokuwa ya kawaida katikati ya miaka ya 2000: pembe ya shingo nyuzi 67, pembe ya siti nyuzi 72.5, na milimita 1,150 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ipeleke kwenye kilima cha mwinuko wa asilimia 15, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 15. Mwinuko huo unailaza baiskeli nyuma kwa nyuzi 8.5. Siti iliyokuwa na pembe ya nyuzi 72.5 kwenye tambarare sasa ina nyuzi 64. Nyonga zako ziko nyuma sana ya shafti ya pedeli, uzito wote umehamia tairi la nyuma, na gurudumu la mbele linagusa ardhi kwa shida. Ukikanyaga kwa nguvu linayumba huku na huku au linanyanyuka kabisa. Kama baiskeli ina shokapu ya nyuma pia, nayo inazama kwa uzito huo na kuongeza tatizo.

Sasa fupisha shokapu ya mbele kwa milimita 30. Kwa kuwa imelala, mbele panashuka karibu milimita 28. Zigawe kwa urefu wa milimita 1,150 na utapata badiliko la nyuzi 1.4. Kwa kipimo cha tambarare, siti inasogea hadi karibu nyuzi 74, shingo inafika nyuzi 68.4, na usukani unashuka. Ukifupisha kwa milimita 45, badiliko ni nyuzi 2. Mwendeshaji aliyechoka anaiona tofauti hiyo: gurudumu la mbele linatulia na kiuno hakihitaji tena kujikunja juu ya usukani ili kulikandamiza.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Shafti ya pedeli nayo inashuka, kwa karibu milimita 10 ukifupisha shokapu kwa 30, na kwa karibu 16 ukifupisha kwa 45. Kwenye njia ya mawe, huo ndio umbali kati ya pedeli inayopita na pedeli inayogonga. Halafu kuna kusahau. Ukifika kileleni ukaanza kuteremka bila kuirefusha shokapu, una baiskeli yenye mbele chini, shingo iliyosimama na mbonyeo pungufu, mahali pale pale ulipohitaji kinyume chake.

Vifundo, swichi na viini vya hewa

Kila kampuni ilikuja na njia yake. Marzocchi walikuwa na mfumo wa ETA. Ukigeuza swichi juu ya shokapu kisha ukaegemea usukani, shokapu inazama na kubaki chini, ikiachwa na mbonyeo mdogo tu wa kumeza vijiwe. Mfumo ni rahisi, ila ni wa kupandia tu. Hakuna nafasi ya katikati.

RockShox walileta U-Turn, kifundo unachokizungusha mara kadhaa huku shokapu ikifupika hatua kwa hatua. Pike ya U-Turn ilikwenda kutoka milimita 140 hadi 95, na Lyrik kutoka 160 hadi 115. Zilizotumia springi ya chuma zilipata sifa ya kudumu, kwa sababu ndani yake hamna hewa ya kuvuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kasoro zake ni mbili: kifundo kinahitaji kuzungushwa mara nyingi, na kadiri unavyoifupisha ndivyo springi inavyozidi kuwa ngumu. Kwenye mpando huo ugumu si hasara. Kwenye njia ya mashimo mikono inausikia.

Fox, walioingia kwenye shokapu za baiskeli mwaka 2001, walitengeneza TALAS, springi ya hewa inayobadilishwa kwa swichi moja juu ya mguu wa shokapu. Kuna matoleo yaliyokuwa na nafasi tatu. Baadaye zikabaki mbili, kama 36 TALAS ya milimita 160 na 120. Baadaye RockShox nao walikuja na Dual Position Air, ambayo ina nafasi mbili pia, kwa kawaida zikipishana milimita 30. Zote mbili zinafanya kazi kwa namna moja: unageuza swichi, unaegemea usukani, shokapu inazama na kubaki pale. Ukiirudisha swichi na kuondoa uzito, inapanda tena.

Wengine waliona kwamba kufupisha mbele peke yake ni kutatua nusu ya tatizo. Bionicon ya Ujerumani iliunganisha shokapu ya mbele na ya nyuma kwa mrija wa hewa, hivyo mbele ilipozama nyuma ilinyanyuka kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye usukani. Canyon, nao wa Ujerumani, walikuja na Shapeshifter kwenye baiskeli yao ya Strive, inayobadilisha mkao wa shokapu ya nyuma. Haishangazi kwamba wazo hili lilishika mizizi Ulaya ya Alps. Huko mtu hupanda saa nzima au mbili kwenye barabara ya msituni kabla ya kuupata mteremko wake, na swichi inayoguswa mara moja kwenda na mara moja kurudi haimkeri.

Gharama ya ujanja huu iko ndani ya shokapu. Springi ya hewa inayobadilika urefu ina vyumba vingi zaidi, vali nyingi zaidi na sili nyingi zaidi kuliko isiyobadilika. Kila sili ni msuguano, na msuguano ndio unaofanya shokapu isiitikie vijiwe vidogo. Kila sili ni mahali pa kuvuja pia. Aidha, shokapu nyingi za kawaida zinakuruhusu kuongeza vipande vya plastiki ndani ya chumba cha hewa ili zisizame ghafla hadi mwisho. Kwa baadhi ya zinazobadilika, nafasi ya vipande hivyo imechukuliwa na mashine ya kufupishia.

Fremu ilijitibu yenyewe

Zilizozififisha shokapu hizi ni fremu. Kadiri miaka ya 2010 ilivyosonga, watengenezaji walianza kuirefusha fremu upande wa mbele, kuilaza shingo na kuisimamisha siti. Pembe ya siti iliyokuwa nyuzi 72 au 73 ikapanda hadi 76, na leo nyuzi 77 au 78 ni jambo la kawaida kwenye baiskeli za mbonyeo mrefu. Siti za kushushwa kwa swichi nazo zikaenea, hivyo siti iliyosimama haimzuii tena mtu kwenye mteremko. Akibonyeza tu, inazama.

Linganisha na hesabu yetu. Kufupisha shokapu kwa milimita 30 kulikupa nyuzi 1.4 za siti, ukapoteza milimita 10 chini ya pedeli na sehemu ya mbonyeo. Fremu mpya inakupa nyuzi 4 au 5 zaidi ya ile ya zamani bila kugusa swichi yoyote, bila kupoteza kitu chini ya pedeli, na shokapu ikiwa na mbonyeo wake wote. Kwenye kilima kile kile cha asilimia 15, siti ya nyuzi 77 inabaki na nyuzi 68.5, ambazo kufupisha shokapu hakukuweza kuzileta kwenye fremu ya zamani.

Kufunga shokapu inayobadilika kwenye fremu ya aina hiyo ni kama kumvisha miwani mtu aliyekwisha kutibiwa macho. Watengenezaji waliliona hilo. Fox waliachana na TALAS na kubaki na Float, shokapu ya hewa ya urefu mmoja, na Dual Position ilizidi kuadimika kwenye orodha za RockShox. Kilichobaki kwa wengi ni uwezo wa kubadilisha mbonyeo karakanani: fundi anafungua shokapu, anatoa ufito wa ndani, anaweka mwingine uliozidi au kupungua kwa milimita 10 au zaidi, anafunga. Tangazo likisema shokapu inaweza kubadilishwa kutoka 120 hadi 140, uliza kama ni kwa swichi ukiwa njiani au kwa spana ukiwa mezani. Ni vitu viwili tofauti, na bei zake hazifanani.

Kwa nini mtumba unabadilisha jibu

Kama hadithi ingeishia hapo, ushauri ungekuwa mfupi: usinunue. Lakini baiskeli nyingi za mlimani zinazoungwa Nairobi, Arusha au Kampala hazianzi na fremu ya mwaka huu. Zinaanza na fremu iliyokwisha kutumika Ulaya au Marekani, ikaja kwenye kontena au kwenye mzigo wa ndugu anayerudi nyumbani. Fremu nyingi za namna hiyo zilichorwa wakati ule ule siti ilipokuwa imelala. Kipuri kilichopitwa na wakati kwa mnunuzi wa Munich kinaweza kuwa ndicho kinachoifaa fremu iliyoko mezani kwa fundi wa Moshi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinafanywa kwenye fremu. Weka baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, magurudumu yakiwa na upepo, kisha uweke simu yenye programu ya kupima pembe juu ya bomba la siti. Kwenye fremu ambazo bomba hilo limepinda, pima mstari kutoka katikati ya shafti ya pedeli hadi siti ilipo kwa urefu unaoendeshea, maana hapo ndipo utakapokaa. Ukipata nyuzi 75 au zaidi, ondoa shokapu inayobadilika kwenye orodha yako. Ukipata nyuzi 73 au chini, na unataka mbonyeo wa milimita 140 au zaidi, endelea kusoma. Katikati ya hapo, sogeza siti mbele kwenye reli zake kwanza. Sentimita moja ya siti inaleta karibu nusu ya badiliko la pembe linaloletwa na kufupisha shokapu kwa milimita 30, na haigharimu hata shilingi.

Kipimo cha pili ni mlima wenyewe. Vilima vya Ngong vinapanda na kushuka mfululizo, kilele baada ya kilele. Kwenye njia ya namna hiyo, atakayegusa swichi kila anapobadilisha mwelekeo atachoka kabla ya miguu kuchoka, na siku moja atasahau ikiwa chini. Huko chagua mbonyeo mmoja wa wastani, ishi nao. Njia ya Kilema, inayotumiwa na wenye baiskeli ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ni habari nyingine: mpando mrefu wa upande mmoja, kisha kurudi chini kwa muda mrefu. Hapo swichi inaguswa mara mbili kwa siku na kila mguso una faida yake.

Barabara ya lami nayo ina jibu lake. Kutoka Mombo kupanda Lushoto, kwenye Milima ya Usambara, ni kilomita 30 na ushee na karibu mita 1,000 za kupanda. Kwenye lami, kinachokula nguvu ni shokapu kubonyea kila unapokanyaga, na dawa yake ni shokapu inayofungwa isibonyee. Wauzaji wengi huchanganya mambo haya mawili. Kufunga shokapu kunaizuia isizame lakini hakupunguzi urefu wake. Kuifupisha kunapunguza urefu lakini inaendelea kumeza mashimo. Wa njia ya lami na barabara laini anataka ya kwanza, wa njia ya mawe yenye mpando mkali anataka ya pili.

Wa mashindano ya kuzunguka msituni hana haja na kufupisha. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alipomaliza wa 39 kwenye mbio hizo za Olimpiki ya London 2012, pale Hadleigh Farm, uwanja ulijaa baiskeli za mbonyeo wa karibu milimita 100 tu. Mbele pakiwa pafupi tangu mwanzo, hapana cha kufupisha, na gramu za mashine ya kufupishia ni mzigo bure. Historia hiyo ina mkono wa mtu tuliyemtaja mwanzoni. Tom Ritchey alifika Rwanda mwaka 2005, akaanzisha kazi ya baiskeli za kubebea kahawa, na mwaka uliofuata akaandaa mashindano ya Wooden Bike Classic, yaliyofungua mlango kwa timu ya taifa ambayo Niyonshuti aliibukia.

Kukagua kabla ya kulipa

Ukishajua fremu na mlima vinaruhusu, shokapu ya mtumba inakaguliwa kwa utaratibu. Anza na bomba la juu linaloingia kwenye shingo ya fremu. Mwenye baiskeli wa kwanza karibu kila mara alilikata kwa kipimo cha fremu yake, na lililokatwa fupi halirefushwi. Lipime, ulinganishe na urefu wa shingo ya fremu yako, uongeze nafasi ya beringi na ya kishikio cha usukani. Angalia pia unene. Fremu za zamani zinapokea bomba la inchi 1 na moja ya nane kutoka juu hadi chini. Shokapu za baadaye zina bomba linalonenepa hadi inchi 1 na nusu chini. Bomba jembamba linaweza kuingia kwenye shingo nene kwa kutumia beringi za kupunguza. Nene kuingia kwenye nyembamba, mara nyingi haiwezekani.

Kisha magurudumu. Shokapu ya inchi 26, ya 27.5 na ya 29 hazibadilishani ovyo. Kwa mbonyeo ule ule, ya 29 ni ndefu kuliko ya 26, kwa hiyo hata kama gurudumu dogo litazunguka ndani yake, mbele patanyanyuka kuliko ulivyokusudia. Ekseli nazo ziko za aina nyingi: ya kishikizo cha haraka ya milimita 9, ya milimita 20, ya milimita 15 kwenye habu ya upana wa 100, na ya milimita 15 kwenye habu ya 110. Shokapu isipokubaliana na habu uliyonayo, bei nzuri uliyopewa itaishia kununulia gurudumu jingine. Kama unatumia breki za kubana rimu, hakikisha shokapu ina nguzo za kuzifungia, maana nyingi za mbonyeo mrefu zina mahali pa breki za diski pekee.

Fremu ina kikomo chake pia. Kila mtengenezaji hutaja mbonyeo wa juu unaoruhusiwa. Shokapu ndefu kupita hapo inaivuta shingo ya fremu kwa nguvu kubwa zaidi kila unapogonga jiwe, na nyufa za shingo hazitoi taarifa mapema. Uwezo wa kufupisha haukuokoi hapa, kwa sababu mawe makubwa utayagonga wakati wa kushuka, shokapu ikiwa ndefu.

Sasa mirija ya juu inayong'aa. Pitisha ukucha juu yake. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili, na mafuta yatatoka hata ukibadilisha sili kila mwezi. Rangi iliyofifia upande wa nyuma wa mirija ni dalili ya kuendeshwa bila mafuta. Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Mchezo kwenye miguu ya shokapu maana yake bushi za ndani zimekwisha.

Mwisho, jaribu chenyewe unachokilipia. Iweke shokapu kwenye urefu wake wote, egemea, iachie: irudi juu kabisa. Geuza swichi, izamishe, iachie: ibaki chini na bado ibonyee. Iache hivyo dakika kumi. Kama imejipandisha yenyewe, au ukiirudisha swichi haifiki tena juu, hewa inahama mahali isipotakiwa. Si lazima uikatae. Kwa shokapu nyingi za TALAS na Dual Position, kiini cha hewa kinaweza kutolewa na kuwekwa cha urefu mmoja, na shokapu ikaendelea kuishi bila swichi. Lakini basi ilipe bei ya shokapu isiyobadilika, ukitoa gharama ya kiini.

Baada ya kufunga

Shokapu ya hewa inajazwa kwa pampu yake maalumu. Pampu ya tairi haifai, kwa sababu chumba cha hewa ni kidogo na pumzi inayopotea unapochomoa mpira inatosha kuharibu kipimo. Ijaze ikiwa kwenye urefu wake wote. Kaa kwenye baiskeli ukiwa na mavazi na maji yako. Kwa milimita 140, kuzama kwa milimita 28 hadi 35 kwa uzito wako tu ni mwanzo mzuri. Halafu ifupishe, ukae tena, uangalie kama bado inaitikia. Ikiwa ngumu kama chuma, umepoteza faida ya kuifupisha kwenye njia ya mawe.

Jipe pia desturi ya kuirefusha kabla ya kushusha siti. Vitendo viwili, kwa mpangilio ule ule, kila kileleni. Wenye shokapu za namna hii wanaoanguka kwa kusahau ni wale wanaotegemea kukumbuka.

Kisha matunzo. RockShox wanashauri kufungua miguu ya chini na kubadilisha mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Anayeendesha saa tano kwa wiki anazifikisha kwa wiki kumi. Kwenye vumbi la kiangazi usingoje zaidi ya hapo, hasa kwa shokapu yenye sili nyingi. Kabla ya kununua, muulize fundi wako kama ameshafungua ya aina hiyo, na kama sili zake zinapatikana au zitaagizwa. Shokapu nzuri isiyo na sili haina matumizi.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, pesa ziende kwa mpangilio huu. Fremu ya siti iliyosimama ipate shokapu ya urefu mmoja yenye dampa bora, yaani sehemu inayodhibiti kasi ya kubonyea na kurudi, na kitakachobaki kinunue tairi za maana. Fremu ya siti iliyolala, kwa mtu wa mipando mirefu, ipate shokapu inayobadilika, ya springi ya chuma kama inapatikana ikiwa nzima, kwa sababu ndiyo itakayokusumbua kidogo zaidi mbali na karakana. Fremu ya siti iliyolala kwa mtu wa vilima vifupi ipate shokapu ya milimita 120 isiyobadilika, na siti isogezwe mbele. Ukikuta muuzaji anaanza kukueleza swichi kabla hajakuuliza fremu yako ni ipi na unaendeshea wapi, hapo anajiuzia yeye. Wewe bado hujanunua kitu.